Barua kwa mwanangu: Waegba, watu wa chini ya mwamba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Tanga sote wazima, baba yako goti limepoa na ameanza tena kwenda msikitini kwa miguu. Kitambaa alichokutumia mama wa mchumba wako kimefika salama. Nimekitandaza kitandani, chumba kizima kinanukia nili, nami nimemkumbuka bibi yako na kaniki zake.

Umeniuliza kwa nini mchumba wako, kila ukimwambia "ninyi Wayoruba", anakusahihisha: "Sisi ni Waegba, wa Abeokuta," mji ule wa kusini-magharibi mwa Nigeria. Umeogopa umemkosea. Hukumkosea, mwanangu. Myoruba ni yeye pia. Ila jina hilo zamani lilikuwa hasa la watu wa Oyo, dola kubwa ya Wayoruba wa zamani, na ni katika karne ya 19 ndipo lilipoenea kwa wote wanaosema lugha ile. Muegba ni jina la nyumbani, na nyumba ile ilijengwa na wakimbizi.

Waegba waliishi msituni, katika miji midogo zaidi ya mia, kila mji na mkuu wake na baraza lake la wazee, na wote walikuwa chini ya Oyo. Mwishoni mwa karne ya 18 mkulima mmoja, Lisabi, aliwaunganisha wakaikataa Oyo. Wenyewe wanasimulia kwamba alianza na kazi ya kusaidiana mashambani, leo kwako kesho kwangu, kama msaragambo wa milimani kwetu, na kikundi kile cha jembe kikageuka jeshi. Kisha zikaja vita za miaka ya 1820, Wayoruba kwa Wayoruba, miji ile ikachomwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1830 hivi, waliosalia wakaongozwa na Sodeke hadi kwenye mwamba mkubwa wa Olumo, karibu na mto Ogun. Abeokuta maana yake ni chini ya mwamba.

Hapa ndipo lilipo jibu lako. Walipofika hawakujichanganya wakasahau walikotoka. Kila kundi lilikaa upande wake na kuuita mtaa jina la mji uliochomwa: Ake, Kemta, Ijeun, Itoko, Ikija. Wazee wakaendelea na mabaraza yao, na hadi leo Waegba wa mji ule mmoja wana wafalme wanne, Alake akiwa wa mbele. Kwa hiyo mchumba wako akisema Muegba, anakutajia watu waliopoteza kila kitu wakabaki na majina.

Nilifundisha historia miaka mingi, na Abeokuta niliipitia kwa sentensi moja tu. Wanafunzi wangu waliijua Oyo na askari wake wa farasi basi. Hilo linaniuma, kwa sababu kuna habari za mji ule ambazo kila mtoto angepaswa kuzisikia. Moja ni ya Ajayi, kijana aliyetekwa mwaka 1821 akauzwa utumwani. Waingereza waliikamata meli wakamshusha Sierra Leone, akasoma, akaitwa Samuel Crowther. Mwaka 1846 alifika Abeokuta akiwa mchungaji, na humo akakutana na mama yake. Miaka 25! Wanasema walishikana wakatazamana kimya, mama akitetemeka. Baadaye akawa askofu, na akafanya kazi kubwa ya kuitia Biblia katika Kiyoruba. Lakini mimi kila mara narudi kwa yule mama.

Sisi wa pwani nasi tumo kidogo. Fedha ya sokoni kule ilikuwa kauri, zile simbi ndogo za baharini, na kuanzia miaka ya 1840 Wajerumani wa Hamburg walizipakia kwa wingi Zanzibar wakazishusha Afrika Magharibi. Huenda mwanamke wa Abeokuta aliuza mawese yake kwa kauri zilizookotwa fukwe zetu.

Sasa kitambaa. Kinaitwa adire, yaani kufunga na kutia rangi. Kuna kinachofungwa kwa nyuzi za rafia, na kuna hiki chako, adire eleko: fundi hupika uji mzito wa unga wa muhogo, anachovya unyoya wa kuku, anachora. Palipopakwa uji nili haiingii. Kitambaa huchovywa, huanikwa, huchovywa tena mara nyingi, kisha uji hukwanguliwa. Kazi hiyo ni ya wanawake, mama humrithisha binti, na soko lake ni Itoku. Siku hizi wanashindana na nakala za bei poa zinazochapwa viwandani China, kwa hiyo alichokutumia mama yule kishike kama kitu cha thamani.

Wanawake hao hao, wachuuzi na watia nili, ndio waliotozwa kodi ya kichwa na serikali ya Waingereza kupitia kwa Alake, na hawakuwa na hata kiti kimoja barazani. Funmilayo Ransome-Kuti, mwalimu, alianza kwa kuwafundisha kusoma, kisha akaacha magauni ya kizungu akavaa kama wao. Walipokataliwa kibali cha maandamano, walisema wanakwenda pikiniki. Mwishoni mwa 1947 maelfu yao walikesha nje ya ikulu wakiimba. Kodi ya wanawake ikasimamishwa, na Januari 1949 Alake Ademola wa Pili akaachia kiti. Alirudishwa mwishoni mwa 1950, lakini hilo halifuti walichofanya. Mwana wa mama huyo ndiye Fela Kuti, mwanamuziki yule ambaye baba yako huongeza sauti ya redio akimsikia.

Ukienda kuwasalimu, utaona vijana wa kiume wakilala kifudifudi mbele ya wakubwa na wasichana wakipiga magoti. Nawe piga magoti, usione haya. Watakupa amala ya lafun. Ni bada letu la muhogo, ila unga wao umechachushwa kwanza.

Kitambaa nitakishona mwenyewe. Nami nimemnunulia mama yule doti mbili za kanga, utampelekea. Muulize ukoo wao ulitoka mji gani kabla ya mwamba, uniandikie jina lake.

Ni mimi mama yako.