Kanga wa Dembo na Kororo wa Mushitu

Usimtafute kororo, yule kanga wa msituni mwenye kishungi, kama unavyomtafuta kanga wa kawaida. Mimi nilifanya hivyo kiangazi kizima, nikirudi Lubumbashi na viatu vyenye matope bila kuona hata unyoya.

Nimekulia Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na kwetu ndege wa porini mwenye madoadoa ni kanga, basi. Yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, aliponiambia kwamba kwenye mushitu (msitu mnene wa mahali penye majimaji) wa nyuma ya shamba letu, upande wa barabara ya Kasenga, kuna kanga "wenye nywele", nilimcheka. Halafu nikaingia mwenyewe. Natembea, nasimama, natembea tena. Mara kadhaa nilisikia majani makavu yakikwaruzwa mbele yangu, kisha kimya. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyelia.

Tatizo ni kwamba kanga nilikuwa nimemzoea mno. Mwezi wa tisa na wa kumi, nyasi zikishaungua, kanga hushuka dembo, bonde la wazi lenye nyasi na majimaji, kunywa maji, wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine. Ukipita pembezoni asubuhi mapema au jioni utawaona toka mbali, na kelele zao utazisikia kabla. Yule anayelia sauti mbili-mbili, ya pili ikipanda, ni jike. Dume hana mlio huo. Ukimsogelea, kanga hutimua mbio kwa miguu. Kuruka ni mpaka abanwe. Anaishi mahali pa wazi na wenzake wengi, kwa hiyo anategemea macho. Akikuona, nawe unamwona.

Ndani ya mushitu macho hayafiki mbali. Kororo anakusikia wewe na majani unayoyakanyaga, na anaondoka kabla hujajua kwamba alikuwepo.

Aliyenisaidia ni muzee mmoja anayechoma makala (makaa) jirani na shamba. Aliniuliza swali moja tu: "Tumbili umewaona wapi?" Nikamwonyesha mkuyu mkubwa. Akaniambia niende kukaa chini yake, nisitembee.

Nilikaa nimeegemea kichuguu (vya kwetu Katanga vinazidi nyumba kwa urefu, kwa hiyo mgongo ulipata raha). Juu tumbili wakila, kuyu zikidondoka po, po. Karibu saa moja ikapita. Halafu kichwa kimoja kikachungulia majanini, na kingine, na wakaja wakiokota makombo ya tumbili, wakigugumia kwa sauti ya chini kama watu wanaosemezana msibani. Tangu siku hiyo natafuta tumbili kwanza. Kororo wana tabia ya kuwafuata.

Ukiwa karibu, anza na kichwa. Kanga ana pembe ya mfupa utosini, uso wa buluu, na ndevu za nyama zenye wekundu. Kororo hana pembe: ana kishungi cheusi cha manyoya yaliyojikunja, kama nywele za mtoto aliyetoroka kusukwa. Mwili wake ni mweusi zaidi na madoa ni madogo. Akiruka, tazama bawa: lina baka jeupe ambalo kanga hana.

Wengi huniuliza kuhusu kufuga. Kanga ndiyo, lakini nunua mayai kwa mfugaji, usiyaokote porini. Na usiyachanganye na ya kuku. Ya kuku huanguliwa siku ya 21, ya kanga huchukua siku 26 hadi 28. Nilipoyachanganya, kuku wangu aliondoka na vifaranga vyake na mayai ya kanga yakapoa. Vifaranga wa kanga wakitoka, usiwaachie kwenye umande, maana wakilowa wanakufa. Kororo mwache alipo.

Hapo ndipo mimi na yaya hatuelewani. Udongo wa mushitu ni mweusi na haukauki kiangazi, na yeye anaona kabichi pale. Namwambia tukifyeka, kanga hawatajali, watakuja hata kuokota mahindi yetu shambani, lakini kororo hatoki kwenda kuishi dembo kwa sababu sisi tumetaka kabichi. Ananijibu kwamba kororo halipi karo ya watoto. Mwaka huu tumepanda mpaka kwenye kichuguu changu, si zaidi, na mkuyu upo. Mwakani atauliza tena.