Nikivua Kwaya Nabaki Nani?

Mwanangu Koku,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. "Baba, nikiondoa ubatizo, kwaya na kuitwa mtoto wa mzee wa kanisa, mimi nabaki nani?" Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kuvuna kahawa, na pia kwa sababu jibu sikuwa nalo.

Bibi yako alikuwa mlokole. Uamsho ule uliwaka Gahini kule Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukavuka mpaka hadi kwetu Bukoba. Siku moja, nikiwa na miaka kama tisa, alisimama kwenye ushirika wa walokole wenzake akaungama kwamba alichanganya mchanga kwenye gunia la kahawa ili lizidi uzito mizanini. Mbele ya watu wote! Nilitamani kuingia chini ya benchi. Wao wakaimba "Tukutendereza", yaani tunakusifu, wakamkumbatia. Kesho yake akafunga pesa kwenye pindo la kanga, akanishika mkono, tukazirudisha chama cha msingi cha wakulima. Karani hakujua aziandike safu gani.

Watani kijijini wakaanza kumwita "Mama Mchanga". Akawa anaitika, tena anacheka.

Nisikudanganye lakini. Ndugu haohao wa ushirika walimtenga shangazi yako kwa mambo ya ndoa yake, miaka minne. Alifika mahali akajiona si mtu. Aliyekuwa akimpelekea ndizi jioni ni Bibi, wala hakuomba ruhusa ya ushirika.

Sasa wewe unajikoboa kama kahawa, unatafuta punje. Mimi kila nikimtafuta mama yangu peke yake, bila Yesu wake na bila watu wake, simpati. Nampata njiani, kanishika mkono, fundo la pesa kiunoni.

Kwaya ukiichoka, pumzika, sitagomba. Ila wapo huko Dar wawili watatu wanaoyajua ya kwako, hata yasiyopendeza, na bado wanakufungulia mlango? Nijibu hilo kwanza, ndipo tuzungumze hayo ya kubaki.

Shangazi anauliza Desemba unapitia Mwanza upande meli au unakuja na basi. Anataka kujua siku ya kuvundika ndizi.

Baba yako