Muulize Fundi: Lami si dawa ya chesisi

Barua zimejaa mezani tangu masika yaanze kukatika, na nyingi zina kilio kimoja: gari inawaka vizuri, lakini chini inaoza. Ya Konde nimeitanguliza na nimeijibu kwa urefu, maana aliyeiandika yuko mbioni kutoa pesa.

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Nimeachiwa na ami yangu Land Rover 109 Series III ya dizeli. Injini inawaka kwa stata moja. Bodi haina kutu hata kidogo, ila chini ya milango bati limefura na linatoa unga mweupe. Chesisi ina matundu mawili karibu na springi ya nyuma. Fundi wa hapa kwetu anasema atabandika vipande vya bati juu ya matundu, kisha apake lami chini ya gari nzima, na itakaa miaka kumi. Nimpe kazi? *Mkulima, Konde, Pemba*

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kwa mpango huo, usimpe.

Kwanza uijue gari yako. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa baada ya vita na chuma kilikuwa cha mgao. Ndiyo maana bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Aluminiamu haifanyi kutu nyekundu, na hapo ndipo watu wetu wengi wanapoliwa: wanaona bodi safi, wanalipa. Lakini chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma. Ukuta wa mbele unaoshika bawaba za milango na sakafu ya miguu ni chuma. Fremu za ndani ya milango nazo ni chuma. Chuma kinapogusana na aluminiamu, pakapenya maji ya chumvi baina yao, panakuwa na umeme mdogo kama wa betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Ule unga mweupe unaouona ndio mabaki yake.

Sasa chesisi. Matundu mawili uliyoyaona ni yale yaliyokwisha kutokeza nje tu. Chesisi hiyo ni boksi, na boksi huoza kutoka ndani. Tope na maji ya chumvi huingia kwenye vitundu vyake, vitundu huziba, tope likakaa humo mwaka mzima. Ukishapaka lami nje, kule ndani kazi inaendelea, ila wewe huoni tena. Siku ya kuja kujua ni siku springi itakapong'oka na kupenya juu, na huenda siku hiyo umepakia watu na unateremkia bandarini Mkoani.

Kwa hivyo kabla ya kumlipa mtu yeyote, ipime mwenyewe. Chukua nyundo ndogo, ile ya ratili moja, ugonge chesisi kila shibiri moja, kutoka mbele hadi nyuma, chini na ubavuni. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza hakilii. Kinatoa sauti ya kitu kilichojaa mchanga, na magamba yanadondoka ndani ukiyasikia. Ukishika chaki, tia alama kila palipokataa kulia. Boriti ya nyuma kabisa usiipite haraka, wala vishikio vya springi, wala ile mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kubeba bodi. Kisha funua mpira wa sakafuni upande wa dereva ubonyeze bisibisi kwenye kona. Ikizama, usishangae.

Lakini sikiliza kabla hujalala chini ya gari. Hendibreki ya Land Rover za aina hiyo haishiki magurudumu, inashika propela shafti, ile nondo nene inayozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye ekseli. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inaliachia lizunguke, na gari inaweza kwenda zake hata kama umevuta hendibreki na kutia gia. Weka kabari magurudumu yaliyobaki chini, mbele na nyuma. Na jeki peke yake haiaminiki. Nimeona watu wakitegemeza gari kwa jiwe la matumbawe au tofali kwa sababu ndivyo vilivyopo uwanjani. Jiwe la matumbawe limejaa matundu: linabeba, linabeba, kisha linapasuka bila ya kukuarifu. Tafuta stendi za chuma, au magogo ya mbao ngumu yaliyokatwa sawasawa, na chini ya jeki utandike ubao mpana, maana uwanja wa mchanga huimeza jeki.

Ukishajua palipooza, zungumza na fundi upya. Akate sehemu mbovu yote mpaka akute chuma cheupe, kisha achomelee bati la milimita 2 au 3 juu ya chuma kizima. Kubandika juu ya kutu ni kupoteza gesi na pesa. Kabla hajawasha moto, vua waya za betri. Na tangi la mafuta, ambalo kwa Land Rover nyingi za zamani lipo chini ya kiti cha mbele, lishushwe kabisa na liwekwe mbali. Usikubali neno la "mafuta yamekwisha, halina kitu". Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Baada ya kuchomelea, ioshe chesisi kwa ndani. Zibua vitundu vyote kwa waya, tia mpira wa maji, uache yatoke mpaka yawe safi. Hapa pana jambo dogo linaloharibu kazi yote: maji yenyewe. Visima vingi karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na mtu huosha gari kila Ijumaa akidhani anaitunza, kumbe anaitia chumvi upya. Onja maji kabla. Ya mvua ndiyo bora, na kwenu Pemba hayana uhaba. Iache ikauke jua la siku mbili tatu, upake rangi ya kuzuia kutu kwa nje, na kwa ndani upulize oili safi nzito au nta ya kuzuia kutu kwa kutumia mrija mrefu. Watu watakwambia utumie oili chafu iliyotoka kwenye injini. Usiwafuate. Ina sumu kwa ngozi, na yote itadondokea ardhini mwako, na kisima kiko hapo hapo.

Milango: kwangua unga mweupe wote, zibua matundu ya kutolea maji kule chini, paka rangi, na ukirudisha bolti weka washa ya plastiki baina ya chuma na aluminiamu. Lami waachie watu wa barabara.

SWALI: Fundi, Land Rover yangu nikikanyaga breki usiku, indiketa nazo zinawaka hafifu, na taa za mbele zinafifia. Nimebadilisha balbu zote na betri. Tatizo ni nini? *Dereva, Chake Chake*

JIBU: Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Umeme unaokosa njia ya kurudi chesisi unajitafutia njia kupitia balbu ya jirani, ndiyo maana taa zako zinawaka ovyo. Kwenye gari hizi taa imefungwa kwenye bodi ya aluminiamu, bodi imefungwa kwenye chesisi kwa bolti, na pale kwenye bolti ndipo ule unga mweupe niliomweleza ndugu wa Konde unapojaa. Usikwangue bolti zote. Chukua waya mmoja mzuri kutoka kila taa mpaka chuma safi cha chesisi, kaza, paka grisi juu. Hiyo betri mpya ungeiacha dukani.

SWALI: Kuna yale madude ya mviringo nyuma ya magurudumu ya mbele yanayozunguka ukikata usukani. La kulia linavuja oili. Nimebadilisha oili sili, ile pete ya kuzuia oili isitoke, mara mbili na linavuja vile vile. *Fuoni, Unguja*

JIBU: Pitisha ukucha juu ya huo mpira wa chuma unaong'aa. Ukikwama kwenye vishimo, umeshapata jibu: kutu imekula ngozi yake, na kila ukikata kona kishimo kinaikwaruza sili mpya. Dawa ya kudumu ni kuubadilisha mpira wenyewe. Kama pesa haijapatikana, usafishe kwa petroli mpaka ukauke, jaza vishimo kwa ile gundi ya chuma ya kuchanganya mirija miwili, na ikikauka piga msasa laini mpaka ukucha upite bila kukwama. Ndipo utie sili.

Fungua pia nati ya chini utazame oili inayotoka. Ikiwa nyeupe kama ya maziwa, maji yameingia. Mtu anatoka mwendo mrefu, difu ina moto, anaingia kwenye dimbwi. Hewa iliyomo inapoa na kunywea, na kama kipumulio juu ya ekseli kimeziba kwa tope, inavuta maji kupitia kwenye sili. Kukizibua kipumulio ni kazi ya dakika moja, na hakuna anayekikumbuka.

SWALI: Nakodisha Suzuki Escudo kwa wageni. Ikilala siku mbili baada ya kuoshwa, magurudumu ya nyuma yanakamata, mpaka niibutue kwa gia. Halafu breki zinapiga kelele. *Jambiani*

JIBU: Wageni wako wanaipeleka mchangani, dada yangu au kaka yangu, hata kama wanakataa. Ngoma za breki za nyuma zimejaa mchanga na chumvi, na ukivuta hendibreki zikiwa zimeloa, viatu vya breki vinagandana na ngoma. Ukiiosha, iendeshe kidogo huku ukikanyaga breki ili ikauke, kisha iegeshe kwa gia na kabari, hendibreki uiache.

Ngoma zifunguliwe na kusafishwa. Usilipulize lile vumbi kwa kompresa, na kwa mdomo ndiyo kabisa. Viatu vya zamani vingine vina asbesto, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Limwagie maji kwanza, ufute kwa kitambaa kilicholoa, ukitupe. Na kwa kuwa uko ufukweni, badilisha oili ya breki kila baada ya miaka miwili. Oili hiyo hunywa unyevu wa hewani, na unyevu huo ndio unaozitoboa silinda kwa ndani. Wala asije mtu akakuongezea oili ya injini kwenye kikopo cha breki kwa dharura. Mipira yote itavimba, na utainunua yote.

Escudo yako, tofauti na Land Rover, bodi yake ni chuma. Zibua vitundu vya chini ya milango kila mwezi kwa kijiti. Mchanga wa pwani ya mashariki ni laini mno, unaziba kila pahala.

SWALI: Mzee, nina Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Taa ya T-BELT imewaka kwenye dashibodi. Jamaa kaniambia nitoe balbu tu, gari haina kitu. *Mwanakwerekwe*

JIBU: Huyo jamaa hana gari. Taa hiyo haiuoni mkanda wa taimingi, ule unaozifungua valvu kwa wakati wake injini ikizunguka. Inahesabu kilomita tu, na kwa gari nyingi ikifika 100,000 inakukumbusha. Kwa hivyo gari yako inaweza kwenda vizuri leo na kesho, mpaka mkanda ukatike. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo utazungumza bei nyingine kabisa. Badilisha mkanda pamoja na puli yake ya kukazia. Kama umeinunua mkononi kwa mtu na hujui ulibadilishwa lini, badilisha hata kama taa imezima, maana balbu ya mwenzio huenda ilishatolewa zamani.

Wenye injini za 3B na 2H msishtuke, zenu zinatumia gia, hazina mkanda huo.

SWALI: Rejeta naweza kutia maji ya kisima? *Makunduchi*

JIBU: Hapana. Kinga ya mvua, uchanganye na kulanti, ile dawa ya rejeta.

SWALI: Bwana Fundi, mume wangu ana Land Rover chini ya mwembe tangu mwanetu wa kwanza hajaanza skuli. Sasa yumo sekondari. Kila mwaka ataitengeneza. Amekuja mnunuzi wa vyuma chakavu, anataka kuichukua yote kwa bei ya chuma. Niiuze? *Bibi mwenye uwanja, Wete*

JIBU: Bibi, mimi na mumeo huenda tunajuana, kwa hivyo nitasema ya kifundi tu. Usiiuze yote kwa bei ya chuma. Tafuta sumaku, hata ile iliyomo nyuma ya spika mbovu, uipitishe juu ya bodi. Pasiponasa ni aluminiamu, na aluminiamu ina bei yake mbali. Gia boksi, difu, rimu na kioo cha mbele vina watu wanaovitafuta, khasa huko Pemba ambapo kipuri kingine mpaka kivuke bahari. Kadi ya gari usimpe mnunuzi wa chakavu, na hakikisha namba ya chesisi inakwenda na jina la mwenyewe mpaka mambo yaishe.

Na mwenyewe umwambie kabla mnunuzi hajaja na kreni. Akisema tena ataitengeneza, mpe nyundo, aanze na boriti ya nyuma.