Ekari 70, farasi 30: uwanja mdogo wa mbio hulipiwa na nani?

SWALI: Mwanangu, mimi ni mweka hazina wa chama kidogo cha wafugaji wa farasi huku Laikipia. Nilistaafu ualimu, na hesabu nilizozizoea ni za shule. Tumepata ekari 70 za ardhi tambarare, na wanachama wote kwa jumla wana farasi kama 30. Tunataka uwanja wa mbio wa mashambani, wa kiasi chetu. Mwakilishi wadi ametuahidi jukwaa la watazamaji la viti 500, na nusu ya kamati inasema tulipokee mara moja, pesa za kuendesha uwanja zitatoka kwenye tiketi. Nimepiga hesabu mara tatu na tiketi hazitoshi hata maji. Wenzetu wa nchi nyingine wenye viwanja vidogo huishi kwa nini? Na tukiwa na pesa kidogo, ziende wapi kwanza?

JIBU: Mwalimu, hesabu yako ni sahihi. Ishikilie hata wakikuzidi kura. Katika miaka yote niliyosimamia viwanja sijaona kimoja kidogo kilichoishi kwa tiketi. Pesa za mlangoni hulipa siku yenyewe ya mbio: walinzi, ambulensi, madaktari wa mifugo, waamuzi, vyoo vya kukodi. Zikibaki, zitanunua mbolea ya msimu mmoja. Siku nyingine zote za mwaka nyasi zinakunywa, reli za uzio wa njia ya mbio zinaoza na mlinzi anataka mshahara.

Nianze na maji, kwa kuwa umeyataja na ndiyo yatakayowaamulia mengi. Chukua mzunguko wa mita 1,600 wenye upana wa mita 20. Hizo ni mita za mraba 32,000, yaani hekta 3.2. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Kiangazi, nyasi zinazotakiwa kubeba kwato zinahitaji karibu milimita 25 kwa wiki, na hapo umefika lita 800,000. Kisima kinachotoa mita za ujazo 5 kwa saa kitapiga pampu saa 160 kuzifikisha. Wiki nzima ina saa 168. Soma hesabu hii mbele ya kamati kabla hamjazungumzia viti.

Ndiyo maana nasema shilingi yenu ya kwanza iende ardhini. Chimbeni bwawa la kuvuna maji ya mvua, nanyi msinyunyize mwaka mzima. Acheni nyasi zilale kiangazi, kisha mziamshe wiki sita kabla ya siku ya mbio. Nyasi za kikuyu zinavumilia hilo kwa sababu zina vikonyo vinavyotambaa chini ya udongo. Nyasi hizi asili yake ni nyanda zetu za juu, na Waaustralia walizichukua mwanzoni mwa karne iliyopita. Leo uwanja wa Randwick, Sydney, ambako farasi wa mamilioni ya dola hukimbia, umeoteshwa kikuyu. Mara ya kwanza nilipoupiga goti uwanja ule na kuzishika, nilijihisi nipo nyumbani. Lakini kama ardhi yenu iko upande mkavu wa Laikipia, ukoka utawafaa zaidi. Hautapendeza macho kama kikuyu, ila hautawafia.

Ekari 70 zinatosha. Mzunguko huo, ukiupa nyoofu mbili za mita 400 na kona mbili pana, unakaa ndani ya mstatili wa ekari 50 na kitu. Zinabaki ekari kama 20 za mabanda, magari na watu. Tena katikati ya mzunguko kuna uwazi wa ekari 37 hivi, na hapo ndipo nataka utazame vizuri, kwa sababu kamati nyingi huuona kama pengo tu la kijani.

Fakenham, uwanja mdogo wa Norfolk kule Uingereza, una gofu ndani ya mzunguko wake na eneo la watalii wa karavani pembeni. Ngong Road, Nairobi, pia kuna gofu ndani ya uwanja wa mbio, na matamasha ya muziki hufanyika palepale. Nyinyi hamtaki gofu, maana itawanywesha maji yote. Otesheni Boma Rhodes, nyasi ya malisho. Mzikate mzifunge marobota, muuze mengine na mengine yawe lishe ya farasi wenu. Mfugaji wa Laikipia anajua bei ya robota mwezi wa Februari kuliko anavyojua bei ya tiketi ya mbio. Zaidi ya nyasi, kodisheni ekari zile 20 kwa maonyesho ya kilimo, minada ya mifugo, harusi, mafunzo ya kupanda farasi. Siku zisizo na mbio ndizo zitakazowalisha, kwa sababu ni nyingi.

Sasa nije kwa wenzetu. Viwanja vidogo vya nchi nyingine huishi kwa pesa za kubeti, ila si zile zinazochezwa uwanjani kwao. Ufaransa ndiyo mfano ninaoupenda. Ina viwanja zaidi ya 200, vingi vikiwa vya miji midogo, vyenye siku chache za mbio kwa mwaka, vikiendeshwa na watu wa kujitolea. Sheria ya 1891 iliamua kwamba dau za mbio zikusanywe katika chungu kimoja, chini ya vyama vya mbio ambavyo havigawani faida. Mwaka 1930 ikaanzishwa PMU, mtandao wa kubeti wa vyama hivyo, ili watu wabeti hata nje ya viwanja. Mfaransa akiweka euro zake mbili katika mkahawa wa Paris, sehemu yake huishia kwenye zawadi na reli za kijiji ambacho hajawahi kukiona. Uingereza walichelewa, lakini tangu 1961 wana sheria ya tozo: kampuni za kubeti hutoa asilimia 10 ya faida yao ghafi ya mbio za farasi, ikishapita kiwango fulani, na bodi maalumu huirudisha kwenye mchezo.

Australia wamebuni jambo jingine la kuvutia. Tangu 2018 kuna mbio ya Randwick inayoitwa The Kosciuszko, ya farasi wanaofunzwa mashambani tu. Watu hununua tiketi za dola 5 katika baa na vilabu, na wanaobahatika katika droo hupata haki ya kuchagua farasi atakayewawakilisha. Fundi wa magari wa mji mdogo anajikuta akijadiliana na mkufunzi mkongwe kuhusu mgawo wa zawadi. Pesa za mjini zinarudi shambani kwa njia ambayo kila mtu anaielewa.

Kenya haina bodi ya tozo kama ya Uingereza, kwa hiyo ile mito mikubwa ya pesa msiitegemee. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu Nakuru na Eldoret zamani zilikuwa na mbio zao, na leo farasi wa mbio akitoka popote nchini lazima apelekwe Nairobi. Na mtu yeyote asije akawashawishi kuweka meza ya kubeti langoni siku ya kwanza. Kamari ina leseni zake, na sheria yenyewe ni mpya, ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Anzeni bila dau. Uzeni jina la kila mbio kwa mdhamini: duka la pembejeo, chama cha akiba na mikopo, muuza chanjo za mifugo. Mbio moja, mdhamini mmoja, na pesa zake ziwe benki mwezi mmoja kabla. Asipolipa, mbio haina jina lake. Kisha mwone Jockey Club of Kenya, chama kinachosimamia mbio za farasi nchini, mapema, maana kanuni za uamuzi na usalama tayari wanazo, msizibuni upya.

Siku ngapi kwa mwaka? Tuhesabu farasi, Mwalimu, kama ulivyokuwa ukihesabu watoto kabla ya kuagiza madawati. Katika 30, toa wenye vilema, wenye mimba, wachanga, na wale ambao wenyewe hawatawanoa. Ukibakiwa na 18, hizo ni mbio tatu za farasi sita sita, kwa kuwa farasi mmoja akimbie mara moja tu kwa siku. Kwa hiyo siku moja au mbili kwa mwaka, basi. Msione haya. Laytown, ufukweni mwa Ireland, wamekimbiza farasi tangu 1868, na desturi yao ni siku moja tu kwa mwaka, maji yakishakupwa na mchanga ukakauka. Baada ya ajali ya 1994 walifuta kona wakabaki na mbio za nyoofu, na idadi ya farasi katika mbio ikawekewa kikomo cha 10. Cartmel, katika kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, wana siku 9 tu, na watu hufurika kwa maelfu kwa sababu wanakuja na watoto, chakula na bembea. Watazamaji wa mashambani huja kukutana. Wekeni mbio za punda, maonyesho ya ngamia, kwaya, nyama choma, na nafasi ya kutosha kati ya mbio na mbio.

Kuhusu jukwaa, mshukuruni mwakilishi wadi na mmwombe aibadilishe ahadi yake. Barabara ya kufika uwanjani, au bwawa ambalo majirani pia watachota maji, ni mradi wa umma anaoweza kuutetea mbele ya mkaguzi wa hesabu. Jukwaa lililojengwa kwa pesa za kaunti juu ya ardhi ya chama litawaletea swali la nani mwenye uwanja, na swali hilo huulizwa siku ardhi ikipanda bei. New Zealand, ripoti ya 2018 kuhusu mbio zao ilipendekeza viwanja 48 vipunguzwe hadi 28, na ardhi ya vilabu ihamishiwe kwa vyombo vya juu vya mchezo. Vilabu vya vijijini, ambavyo viwanja vyake vilifyekwa na babu za wanachama wenyewe, vikaanza kutafuta hati kwenye makabati. Hati yenu iwe kwa jina la wadhamini wa ardhi waliosajiliwa, si wale wanaodhamini mbio. Chama kinachoendesha mbio kiwe mpangaji tu mwenye mkataba, ili kikifilisika, ardhi isiende nacho.

Nikueleze kwa nini nashikilia ardhi na kuacha viti. Nilikuwa meneja msaidizi katika uwanja mmoja mdogo, nje ya nchi, uliokuwa umetoka kujenga jukwaa zuri. Bati lake liling'aa ukiliona toka barabarani. Asubuhi ya mbio nilitembea kona ya mwisho na fimbo yangu ya chuma ya kupimia ugumu wa udongo. Karibu na reli ilidunda kama nimegonga saruji. Hatua nne kutoka hapo ikazama nusu yake, kwa sababu kiungo cha bomba kilikuwa kikivuja na hakukuwa na pesa za kukibadilisha. Nilimwambia mwenyekiti. Akatazama wadhamini waliokuwa wakishuka kwenye magari, akasema tutaweka mchanga. Mbio ya tatu, farasi jike mwekundu alitoka kwenye ugumu akaingia kwenye ulaini akiwa kasi kamili. Mguu wa nyuma ukateleza, joki akaruka juu ya shingo yake. Joki alivunjika mtulinga. Yule jike alisimama mwenyewe, akabaki kimya, mguu wa mbele ukining'inia, na saisi wake alimshika kichwa hadi daktari alipomaliza kazi ambayo hakuna anayependa kuifanya. Bado naisikia fimbo ile ikidunda.

Kwa hiyo, katika katiba ya chama andikeni hivi: anayekagua uwanja asubuhi ana mamlaka ya kufuta mbio bila kumwomba mwenyekiti ruhusa. Mbio haianzi kama ambulensi haipo nyuma ya farasi na daktari wa mifugo hayupo mahali pake. Reli ya ndani iwe ya plastiki inayopinda, ya kuhamishika, muisogeze mita tatu baada ya kila siku ya mbio ili kwato zisikanyage mstari uleule. Kona ziinamie ndani kidogo. Mpimaji wa barabara anaijua kazi hiyo. Na mbio ya mwisho ikiisha, wanachama wote, pamoja na mwenyekiti, wapange mstari na ndoo za mchanga, udongo na mbegu, wazibe kila shimo la kwato kwa mkono kabla ya giza. Chama kisichoweza kutoa watu 20 kwa kazi hiyo kitashindwa na mengine yote.

Jambo moja la afya, kwa kuwa mko karibu na punda milia, ambao hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika bila kuugua. Visubi ndio wanaouambukiza, na huzidi baada ya mvua. Chanjeni kabla ya msimu wa mvua, na farasi wageni walale bandani kuanzia machweo hadi jua lichomoze.

Kabla ya mkutano wenu ujao, Mwalimu, chukua kijana na jembe, mchimbe mashimo matatu ya urefu wa mkono: moja mahali nyoofu itakapopita, mawili kwenye kona. Jaza kila shimo maji, yakauke, kisha ujaze tena na uandike saa. Maji yakiwa bado yamesimama asubuhi, hapo ni udongo mweusi wa mfinyanzi, na kona ihamishwe au iwekewe mifereji. Niandikie hizo saa tatu pamoja na kipimo cha kisima chenu, nitakuchorea mzunguko.