Nili ya bibi na hiyo bluu yenu

Mmeuliza wiki hii neno "nili", ile bluu iliyokolea, lina maana gani na limetoka wapi. Mimi naona swali lenyewe ni kwa nini tumeliacha, maana siku hizi kila kitu bluu, mtoto ukimwambia nili anakukodolea macho tu.

Mimi nililijulia kwenye beseni. Bibi akishasuuza shuka nyeupe anafunga nili kwenye kitambaa, anaikoroga kwenye maji ya mwisho, anayachota kiganjani anayatazama, yakiwa yamekolea anaongeza maji mpaka yawe kama mbingu ya asubuhi. Nikamuuliza, bibi, mbona unatia rangi nguo unayotaka iwe nyeupe? Akasema, "Mjukuu wangu, nyeupe ikizeeka inaingia njano, nili inaifukuza hiyo njano." Na ni kweli, ubluu kidogo unaizima njano, macho yanaona weupe. Siku moja akaniachia kazi, nikazamisha shuka nikaenda kucheza, kurudi ni mabaka matupu. Hakunigombeza. Aliisuuza upya mara tatu, akanishika mkono akanionyesha jinsi ya kuigeuzageuza bila kusimama, na mpaka leo nikisikia nili naiona mikono yake ile, kucha zimeingia ubluu.

Haya, asili. Kisanskriti ni nila, bluu iliyokolea, ikapita Kiajemi na Kiarabu ikawa nil, kwetu nili, rangi ya majani ya mnili. Wareno wakalichukua kwa Kiarabu pamoja na ile "al" ya mbele, ambayo hapo hutamkwa "an", wakasema anil, na humo ndimo lilimotoka jina la anilini, kemikali ambayo mwanakemia Mwingereza William Henry Perkin aliitumia 1856 akapata zambarau ya maabara. Yaani mmea uliipa jina kemia iliyokuja kuutoa sokoni, kwani 1897 BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, walianza kuuza nili ya kiwandani.

Nimeanza kuandika nina hasira na bluu, ila nikisoma hapo juu naona nili nayo ilikuja ikapokelewa. Na hata ile ya bibi pengine haikuwa ya mmea, za kufulia nyingi zilikuwa ultramarini, rangi nyingine ya bluu isiyotoka kwenye mnili, na yeye aliiita nili bila shida. Basi mbingu semeni bluu, au samawati mkipenda. Lakini ya kufulia, na ile iliyokolea inayokaribia weusi, hapo bado sijakubali iitwe bluu, labda mnishawishi.