Msonobari, uyoga na hili "ikilinganishwa"

Msomaji wa Lamu anatafsiri makala kuhusu matsutake, uyoga wa Japani unaoliwa, ambao huota msituni chini ya msonobari mwekundu. Ameandika: "Msonobari ni mrefu sana ikilinganishwa na uyoga." Anauliza kama sentensi imekaa sawa. Tena rafiki yake wa Malindi amemshauri aandike "mvinje", mti wa pwani unaofanana nao kwa mbali, badala ya "msonobari", ili watu wa pwani wauelewe mti huo.

Haijakaa sawa, na kosa si lake peke yake. Hili "ikilinganishwa" limetuganda. Asubuhi redioni, jioni gazetini: "watoto ikilinganishwa na wazazi", "kisiwa ikilinganishwa na bara". I- ile ile kwa kila ngeli, utadhani upatanisho umefutwa! Msonobari unaota, unakatwa, basi na ukilinganishwa. Watoto wakilinganishwa. Kisiwa kikilinganishwa. Misonobari ikiwa mingi, hapo ndipo "ikilinganishwa" inapopata haki yake.

Nashuku ugonjwa huu ulianzia kwenye bei. "Bei ya samaki imepanda ikilinganishwa na mwaka jana." I- hapo ni ya bei, sawa, lakini bei na mwaka vinalinganishwaje? Bei hulinganishwa na bei: "na ya mwaka jana". Hata sarufi ilipopona, maana imeumia.

Na neno refu hivyo la nini? Nenda sokoni Malindi, muulize muuza samaki achague kati ya samaki wawili, tasi na changu. "Tasi mtamu kuliko changu," atakujibu huku anapara magamba, kisu hakisimami. Kuliko ni ku-li-ko, kiambishi cha mahali na kitenzi "li", basi. Anayetaka nguvu zaidi ana "kushinda" na "kuzidi". Kulinganisha tuwaachie wenye takwimu mbili mkononi, nao wafuate ngeli.

Kwa hiyo andika: "Msonobari ni mrefu kuliko uyoga." Bora zaidi, usivishindanishe kabisa. Msonobari huo hupita mita 20, hilo kila mtu analiona; la maana ni kwamba nyuzi za uyoga huishika mizizi, zikaupa mti maji na madini, nao mti ukazipa sukari. Sentensi yako ingelibeba hilo.

Kuhusu mvinje, hapana. Kile kinachoonekana sindano kwenye mvinje ni vijitawi, na mti wenyewe hutoa maua. Msonobari hautoi maua, mbegu zake hukaa katika koni, yaani vishada vigumu vya magamba. Watu wa Lamu wanaijua mivinje yao. Ukiwapa jina hilo watauona mti mwingine kabisa.