Kabla hujapanda mikoko, tembea kwanza maji yakipwa

Kila ikikaribia tarehe 26 Julai, ile siku ya mikoko duniani, simu yangu haitulii. Shule, makanisa, makampuni, wote wanataka kuja Kwale kupanda mikoko na swali la kwanza huwa ni hilohilo, tulete miche mingapi? Mimi nafanya kazi na vikundi vya upandaji huku kusini mwa Pwani na jibu langu huwaudhi, nawaambia miche wekeni kando kwanza, njooni tutembee maji ya bamvua yakipwa mbali kabisa, muone mahali penyewe.

Sababu ni kwamba mikoko si mti mmoja. Kenya tuna aina tisa na kila aina ina pahali pake: mlilana uko mbele kabisa unapigwa na mawimbi, mkoko wenyewe unapenda tope la katikati, mkandaa uko nyuma, mchu utaukuta hata kule kwenye chumvi karibu na nchi kavu. Sasa wageni hupewa mbegu za mkoko kwa vile ni ndefu na unazichomeka tu, halafu wanazichomeka mbele kwenye mchanga mtupu maana hapo hapana miti na picha inatoka poa. Rudi baada ya miezi kadhaa utakuta vijiti tu, vingine vimeota viganda vigumu kama vile vya chini ya mtumbwi, na ukiona hivyo ujue maji yanakaa pale muda mrefu kupita kiasi, hata mpande upya kila mwaka hapaoti kitu.

Mbaya zaidi ni kupanda juu ya majani ya baharini. Mtu anayaona kama magugu, kumbe ndio chakula cha kasa na nguva, na samaki wadogo kama tafi wanakulia mlemle. Unavunja makazi ya samaki ukisema unayajenga, si bora ungebaki Nairobi jamani.

Halafu uliza, miti ya hapa iliondoka kwa nini? Mikoko ya Gazi, huku Kwale, ilikatwa miaka ya 1970 ikawa kuni za viwandani. Kule Mwache, Mombasa, mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo ukafukia ile mizizi inayochomoza juu kuvuta hewa, miti ikafa imesimama. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa yake haiwezi kuwa moja. Kuna pahali shida ni mkondo uliozibwa tu, ukizibua, maji yanaleta mbegu yenyewe bila mtu kushika jembe.

Na ule msitu ambao bado umesimama ndio wa kuhangaikia zaidi. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni unaouza kaboni tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu unaihifadhi, una hekta 117 na sehemu kubwa ni msitu wa asili unaolindwa, si miche. Kaa, kamba na changu wachanga wako humo saa hii, hawawezi kungoja mche wako ukue.

Kwa hiyo ukija na bajeti, weka ya mtu wa kulinda na ya kurudi kuhesabu miche iliyoshika baada ya mwaka. Ikipungua, toa ile ya tisheti.